Kwa Jina la Daktari Nadhmi

Wahadhiri arobaini na mmoja walimsikia Daktari Nadhmi akimwuliza mkewe dawa yake ya bawasiri imewekwa wapi. Ilikuwa wiki ya kwanza ya mafunzo ya kufundisha kwa njia ya mtandao, saa nne asubuhi, kila mmoja yuko kwake mbele ya kompyuta akimsikiliza mkufunzi. Yeye alidhani ameshafunga kipaza sauti. Alisukuma kiti nyuma, akageuza shingo kuelekea jikoni, akaita kwa sauti ileile iliyozoea kujaza ukumbi bila msaada wa chombo chochote: "Mama Muhannad, ile dawa ya kupaka umeitia wapi? Siwezi hata kukaa." Na kwa kuwa mkewe alikuwa amefungulia maji bombani na hakusikia, akaeleza zaidi.

Mkufunzi alikuwa Baraa, mwanamke wa miaka thelathini na miwili aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Alikohoa, akasema taratibu, "Daktari Nadhmi, kipaza sauti chako kiko wazi." Hakuna aliyecheka kwa sauti, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliziona tu nyuso katika vile vidirisha vidogo zikiinama moja baada ya nyingine, na Shahir wa idara ya Historia akizima kamera yake ili acheke kwa nafasi.

Mafunzo yenyewe hayakuwa ya hiari. Barua iliyobandikwa kwenye kila mlango wa Kitivo cha Lugha ilisema kwamba mhadhiri ambaye hatakuwa na cheti kufikia mwisho wa muhula wa pili, mkataba wake hautaongezwa. Daktari Nadhmi alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amewafundisha vijana wa mji wa Irbid na vijiji vyake arudhi, elimu ya mizani ya ushairi, na vifaa vyake vilikuwa viwili: sauti yake na vifundo vya vidole vyake. Alisoma mstari, akaugonga juu ya meza, mrefu, mfupi, mrefu, mpaka hata mwanafunzi mzito wa sikio akaanza kuusikia. Waliohitimu zamani wakikutana naye sokoni walimgongea mizani juu ya kreti za nyanya, wakacheka pamoja. Mtu kama huyo kuambiwa akajifunze kufundisha, aliona ni sawa na kuambiwa akajifunze kutembea.

Siku hiyo aliifunga kompyuta kwa kiganja, kwa kishindo, akamwambia mkewe harudi tena kule. Widad alikuwa ameshatokea mlangoni, tyubu ya dawa mkononi.

"Watasahau," alisema.

"Hawatasahau. Shahir ameshampigia simu hata bawabu."

Widad alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya serikali ya wasichana. Miaka ile shule zilipofungwa kwa sababu ya maradhi, alifundisha Kiarabu darasa la sita kwa simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya biringanya za kusindika, na wasichana thelathini na wanne hakumpoteza hata mmoja. Mumewe alikuwa akipita nyuma yake siku zile akimtania kwamba anaongea na biringanya. Sasa, siku tatu baada ya aibu ile, zoezi la kwanza lilipofika, ndiye aliyemwendea.

"Hebu litazame tu," alimwambia. "Unieleze wanataka nini."

Widad alilitazama, akaeleza. Mumewe hakuelewa. Widad akaeleza tena kwa njia nyingine, mumewe akakasirika, si kwa sababu hakuelewa bali kwa sababu safari hii alikaribia kuelewa na akaona jinsi kitu chenyewe kilivyo chepesi. Akasema basi Widad alijaze hilo la kwanza, mengine atafanya mwenyewe. Akampa nenosiri lake, aliloliandika nyuma ya risiti ya duka la dawa.

Hakuna jingine alilolifanya mwenyewe.

Mafunzo yalikuwa na hatua kumi na mbili. Katika hatua ya tano kila mhadhiri alitakiwa kujenga darasa halisi mtandaoni na kulitumia na wanafunzi wake mpaka mwisho wa muhula. Widad alimwomba mumewe arekodi sauti yake akiigonga mistari kumi, na hilo alikubali, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kugonga kabati la nguo. Mengine yote yalikuwa ya Widad. Alipanga masomo, akatunga maswali, akawaambia wanafunzi nao wajirekodi wakigonga mistari kwa vidole na kumtumia. Walipoanza kuandika, wa kwanza akilalamika kwamba bahari zote za ushairi kwake ni kelele moja, alimfuata mumewe sebuleni.

"Huyu nimjibu nini?"

"Andika lolote. Mwambie akasome kitabu."

Hakumwambia akasome kitabu. Alichomwambia, mumewe hakukisoma. Alikuwa akimwona tu kupitia mlango ulioachwa wazi, alasiri baada ya alasiri, miwani imeshuka puani, midomo inacheza, kifundo cha kidole kinagonga meza ya chakula. Wakati mwingine alicheka peke yake. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na Nadhmi hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwona vile. Alinyanyua gazeti likamficha uso, akaendelea kusoma tangazo alilokwisha kulisoma.

Wifi yake alipoingia ghafla siku moja, Widad aliifunga kompyuta haraka akasema anatafuta mapishi. Nadhmi alilisikia jibu hilo na hakusema kitu. Na kazini, wenzake walipomwuliza namna ya kuweka mtihani mtandaoni, alijibu kwa sauti ya mtu mzoefu, "Kuna kitufe pale juu," akainua kikombe chake cha chai akanywa ili wasiendelee kuuliza.

* * *

Mwezi wa nne alipata cheti cha daraja la juu. Katika kitivo kizima waliopata daraja hilo walikuwa watatu, na wawili walikuwa vijana. Mkuu wa kitivo, Daktari Mufleh, alimwita ofisini, akamwagizia kahawa, akamshika bega.

"Mzee wetu umetuinua. Vijana wamekaa na simu mikononi tangu kuzaliwa, wewe umewapita."

Nadhmi alisema ni juhudi ndogo tu. Mufleh akasema si ndogo, amelipitia darasa lenyewe, amesoma majibu anayowaandikia wanafunzi, na haoni haya kusema yalimlainisha moyo. Kwa hiyo Jumanne ijayo Daktari Nadhmi atasimama ukumbini awaonyeshe wahadhiri wa idara nne jinsi anavyofundisha, pamoja na wanafunzi wake. Nadhmi akataja mgongo wake. Mufleh akasema atawekewa kiti. Akataja arusi ya mpwa wake. Mufleh akasema arusi za Irbid huanza baada ya alasiri, na jina lake limeshapelekwa kwa mkuu wa chuo.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe akiwa amesimama, bado na koti mwilini. Widad hakushtuka. Alifuta meza, akaweka kompyuta katikati, akavuta viti viwili.

"Tuna siku tano. Zinatosha kujifunza haya."

Siku ya kwanza ilipita salama. Siku ya pili alimwonyesha mara sita jinsi ya kuonyesha wengine kilicho kwenye skrini yake, na mara sita kikapotea. Alikuwa akibofya kipanya kwa nguvu, kana kwamba kompyuta haisikii vizuri. Widad aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe ili aongoze kipanya, na kwa sauti yake ya darasani, bila kukusudia, akasema, "Polepole, habibi, tazama kwanza ndipo ubonyeze."

Nadhmi akautoa mkono wake kama aliyeungua.

"Usinifundishe kama watoto wako wa darasa la sita."

"Watoto wangu walikuwa wakitazama kwanza."

"Haya ni mambo ya kubofya-bofya tu, Widad. Elimu ni ile niliyoigonga kwenye kabati. Hayo mengine yote ni mapambo."

Widad akaivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa shela yake.

"Nilitoka kwenye darasa la arudhi mwaka wa pili wa uzamili kwa sababu Muhannad alikuwa mchanga na wewe ulihitaji mtu wa kukuchapia tasnifu," alisema. "Nimerudi nina miaka hamsini na saba, kwa jina lako. Na hata hapo unaniambia napaka mapambo."

Aliinuka akaenda kuchukua nguo kambani. Jumamosi na Jumapili hawakukaa tena mbele ya kompyuta.

Jumatatu baada ya chakula cha mchana Nadhmi ndiye aliyekuja na wazo, na alilisema akitazama zulia. Darasa lingefunguliwa pale nyumbani, kwenye kompyuta ya Widad, kwa jina la Nadhmi. Kompyuta ya ukumbini ingeonyesha tu kile kinachofanyika nyumbani. Widad angesikia kila neno la ukumbini; yeye angesimama na kipanya mkononi kama anayeendesha, na kila akigonga meza mara mbili kwa kifundo, Widad angesogeza mbele.

Widad alisema hapana. Akasema afadhali apige simu aseme anaumwa. Nadhmi alisema akiumwa Jumanne hii watampangia Jumanne nyingine. Akataja mkataba. Akataja jinsi Shahir atakavyomtazama. Mwisho akasema, "Mara moja tu, Mama Muhannad, kisha sitakuomba tena jambo la namna hii," na sauti ikamvunjika mwishoni, na alijua kwamba imevunjika wakati ambapo ingemfaa kuvunjika.

"Mara moja," alisema Widad.

* * *

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa Mufleh na wakuu wa idara, katikati wahadhiri, pembeni wanafunzi wake kumi na wanane wakiwa wamevaa vizuri kama wageni wa karamu. Nadhmi alivaa suti ya kijivu aliyoivaa kwenye arusi ya Muhannad. Fundi wa chuo aliunganisha kompyuta, skrini kubwa ikawaka, na juu yake, kwenye kona, likatokea jina lake.

Kwa dakika ishirini mambo yalikwenda hata yeye mwenyewe akaanza kuyaamini. Aliongea kama anavyoongea siku zote. Aligonga meza mara mbili, ukurasa ukageuka. Aligonga tena, ikatoka sauti yake mwenyewe kutoka kitandani kwao, mrefu, mfupi, mrefu, na chini yake mistari ikajipanga kwa rangi mbili. Ukumbi ulinong'ona kwa kupendezwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kipanya ambacho hakikuendesha kitu chochote.

Kisha Mufleh akasema angependa kumsikia mwanafunzi mmoja. Akainuka binti aliyekaa mwisho wa safu, Ibtihal, mwembamba, hijabu ya rangi ya zabibu. Nadhmi alimjua kwa sura na kwa alama zake tu.

"Mimi nilitaka kumshukuru Daktari mbele za watu," alisema, akiitazama karatasi aliyoishika. "Baba yangu alipopata kiharusi mwezi wa pili niliandika kwamba naacha chuo naenda kufanya kazi kiwanda cha nguo. Niliandika pale kwenye maswali kwa sababu sikujua pengine pa kuandika. Daktari alinijibu siku hiyohiyo. Aliniuliza baba anapenda kusikia nini. Nikasema mashairi ya zamani. Akaniambia nikae naye kila siku nimsomee mstari mmoja, nimgongee mkononi, nirekodi, na hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu ya darasa. Baba sasa anagonga mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Sikuacha chuo. Nilitaka ajue."

Watu walipiga makofi. Mhadhiri mmoja wa kike alitoa leso. Nadhmi aliinamisha kichwa, na wote wakaona ni unyenyekevu. Hakuwa amesikia habari za kiharusi. Hakujua kwamba binti huyo ana baba. Akatoka nyuma ya meza akaenda kwenye kijimeza cha pembeni kujimiminia maji.

Ndipo Baraa akanyanyua mkono. Aliuliza kwa nia njema. Alikuwa akimpenda mwalimu wake huyo tangu zamani. Alisema majibu kama hayo ndiyo yanayowashinda wahadhiri wengi, na angeomba Daktari aonyeshe moja hapohapo. Akaandika kwa simu yake, kama mwanafunzi, na maneno yake yakatokea kwenye skrini kubwa: Nimeshindwa zoezi mara tatu. Nadhani mimi ni mjinga.

Nyumbani, Widad alisikia swali. Hakuweza kuona ukumbi. Na kwa kuwa miezi mitatu mtu akiandika vile yeye hujibu, akajibu.

Herufi zilianza kujitokeza moja moja chini ya jina la Daktari Nadhmi. Wewe si mjinga. Sikio lako limechoka tu. Chukua mstari mmoja, usome kama unavyosema na mama yako, urekodi, unitumie, tuu

Daktari Nadhmi alikuwa hatua nne kutoka mezani, mkono mmoja umeshika jagi na mwingine glasi.

Shahir akasema kutoka safu ya tatu, "Maashallah, Daktari. Umeota mkono wa tatu?"

Kicheko kikapita ukumbini, si cha ubaya bado, cha watu wanaosubiri kuelezwa. Mufleh hakucheka. Alitazama skrini, akamtazama Nadhmi, na akamtupia kamba ya kujiokoa.

"Bila shaka ni programu inayojibu yenyewe," alisema. "Siku hizi zipo. Sivyo, Daktari?"

Nadhmi aliiweka glasi chini. Aliweza kuona mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliuona mlango alioonyeshwa, mpana na wenye heshima. Akamwona na Ibtihal, bado amesimama, karatasi mkononi, akimngojea.

"Ndiyo," alisema. "Ni mashine. Nimeifundisha mimi."

Makofi ya safari hii yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Ibtihal alikaa. Alikaa polepole, akaikunja karatasi yake mara mbili, halafu mara ya tatu, na hakutazama tena mbele. Kwenye skrini herufi zilikuwa zimesimama katikati ya neno. Kisha yakatokea maandishi madogo ya kijivu, yakisema kwamba Daktari Nadhmi ameondoka, na ukumbi mzima ukayasoma huku Daktari Nadhmi akiwa amesimama mbele yao.

"Ah, huu mtandao wetu," alisema Mufleh, akaanza kuwaalika watu kwenye vitafunio.

* * *

Alipofika nyumbani chakula kilikuwa tayari mezani, wali na mtindi uliopikwa pamoja na kuku, kimefunikwa vizuri. Kompyuta haikuwepo mezani. Widad alikuwa amekaa barazani akichambua mlenda, majani upande huu, mabua upande ule. Nadhmi alimngoja aseme. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Njiani alikuwa amepanga hata majibu, kwamba Mufleh ndiye aliyesema kwanza, kwamba hakukuwa na nafasi ya kufikiri.

"Yule binti alikuwepo bado?" aliuliza Widad. "Uliposema vile?"

"Alikuwepo."

"Alikuwa amekaa au amesimama?"

"Amesimama."

Akaendelea kuchambua.

"Basi umemwambia kwamba siku ile alipolia hapakuwa na mtu," alisema.

Hakusema zaidi ya hapo, wala jioni ile, wala asubuhi yake. Wala hakununa. Alimwuliza kama shati la buluu linahitaji kupigwa pasi, akamwambia Muhannad amepiga simu kutoka Kuwait. Nadhmi alitamani amtukane. Usoni mwake alitafuta hasira aliyoweza kugombana nayo akakuta uchovu tu, ule wa mtu aliyefanya kazi nyingi ikachukuliwa na mwingine, na akagundua kwamba uchovu huo anaufahamu, ameuona miaka mingi, alikuwa akiuita utulivu.

* * *

Alhamisi aliingia darasani bila kompyuta na bila kitabu. Wanafunzi wote walikuwepo, Ibtihal amehamia safu ya nyuma. Alifunga mlango. Alijaribu kuanza akiwa amekaa, akaona haifai, akasimama.

Aliwaambia kwamba majibu waliyokuwa wakipata tangu mwezi wa pili hakuyaandika yeye. Hayakuandikwa na mashine pia. Hilo la mashine alilisema ukumbini kwa sababu aliogopa. Darasa zima la mtandaoni, tangu ukurasa wa kwanza, limejengwa na mtu mwingine. Yeye hajui hata kulifungua.

"Aliyeyaandika ni mke wangu," alisema. "Anaitwa Widad Abdulmuin Shaqran."

Wavulana wawili wa mbele wakainamisha macho. Si kawaida ya wanaume wa rika lake kutaja jina la mke mbele ya vijana, na kulitaja lote, na ukoo wake, walihisi kama mwalimu wao amevua kitu. Naye alihisi hivyohivyo.

Ibtihal aliongea bila kunyanyua mkono. "Na yeye ndiye aliyejua habari za baba?"

"Ndiye. Mimi nilizijua Jumanne, uliposimama."

Binti alilifikiria jibu hilo. Nadhmi aliona jinsi lilivyomwumiza na jinsi lilivyompunguzia maumivu, yote mawili, na hakujua lipi lilikuwa kubwa zaidi.

"Nilidhani nimezungumza na chuma miezi mitatu," alisema Ibtihal. "Juzi sikumsomea baba."

Nadhmi akasema tu, "Nisamehe, binti yangu," na baada ya hapo mwanafunzi mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama mtihani bado upo.

Kutoka pale alikwenda kwa Mufleh. Mufleh alimsikiliza, akainuka akafunga dirisha, ingawa ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu.

"Ungenyamaza," alisema hatimaye. "Nilikupa njia mbele ya watu wote, mtu wa heshima zako. Sasa nikufanye nini? Ripoti imekwenda. Andika basi kwamba ulikuwa na msaidizi. Neno moja hilo, linatosha."

"Si msaidizi, Daktari Mufleh. Mimi ndiye niliyemsaidia. Nilimgongea kabati."

Mufleh hakuelewa, na Nadhmi hakufafanua. Baada ya majuma mawili kamati ilikaa. Cheti kilifutwa. Mkataba ungekwisha mwezi wa sita na usingeongezwa, ila akipata cheti kwa mikono yake mwenyewe anaweza kuomba upya kama mtu mwingine yeyote. Habari ilienea kabla barua haijamfikia. Mjini muuza falafeli, ambaye mwanawe alisoma chuoni hapo, alimfungia mkate wake bila kumtania kama kawaida, akampa pole kama aliyefiwa. Shahir hakusema neno. Alikuwa akimpisha mlangoni, na Nadhmi angependa zaidi kama angesema.

Nyumbani alikuwa ameshamweleza Widad yote tangu Alhamisi ileile, kwa mpangilio, ya darasani na ya ofisini. Alipofika kwenye jina lake Widad alimkatiza.

"Ulilisema lote? Na ukoo?"

"Lote."

"Walicheka?"

"Hapana."

Widad aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia amefanya vizuri. Alimwuliza kama ameshakula.

Mwezi wa saba alianza mafunzo upya, safari hii katika chumba cha kompyuta cha chuo, pamoja na walimu wapya kumi na mmoja. Baraa alimweka karibu na dirisha, akamsemesha kama anavyowasemesha wengine, na alishukuru kwa hilo. Katika jaribio la kwanza alipata nne kati ya kumi. Alirudi nalo nyumbani akaliweka mezani mbele ya Widad, kama watoto wanavyofanya. Alilisoma mpaka mwisho, akaweka kidole kwenye swali la tatu.

"Hili ulilijua," alisema.

"Niliogopa kubonyeza."

"Ndiyo," alisema Widad, akamrudishia. Hakumpa jibu la saba wala la nane, naye hakuomba.

Ijumaa moja ya mwezi huo, baada ya swala, kengele ililia. Alikuwa Ibtihal na mama yake, na sahani ya vitumbua vya tende iliyofunikwa kwa kitambaa. Mama alisema wamekuja kumsalimu mwenye nyumba. Nadhmi alianza kuwakaribisha, akafungua mikono kama anavyofanya kwa wageni wake, na akamwona mama huyo akitazama nyuma yake, ndani, kwa heshima, akimtafuta mtu. Akasogea kando.

Widad na wageni wake wawili waliketi sebuleni. Yeye alikwenda jikoni akachemsha kahawa, akatafuta iliki mahali ambapo hakuwahi kuitafuta, akapanga vikombe. Kutoka kule alisikia simu ikichezwa, sauti ya mwanamume akihema, na mkono ukigonga kitu kigumu kwa kusitasita, mrefu, mfupi, halafu kimya, halafu mrefu. Alisikia Widad akisema irudishwe nyuma. Akasema pale baba hajakosea, ameuvuta mstari kwa sababu pumzi ni fupi, na washairi wenyewe waliruhusu hilo. Nadhmi alisimama na sinia mikononi. Ilikuwa kweli. Kanuni hiyo huwa anaifundisha juma la kumi, na hajawahi kuieleza kwa maneno machache vile.

Alipoingia hawakunyamaza. Aliweka kikombe mbele ya mama, kingine mbele ya Ibtihal, cha tatu mbele ya mkewe, ambaye alikuwa ameinamia simu akigonga ukingo wa kiti.

"Asante sana, Daktari," alisema Ibtihal.

Nadhmi akageuka, tabasamu limeshafika usoni, mdomo umeshafunguka kusema karibu. Binti hakuwa akimtazama yeye, bali Widad. Akaufunga mdomo, akalichukua sinia tupu, akarudi nalo jikoni.